Debe Tupu Lisilo Tupu

Mteja alilileta pipa akilibiringisha kwa mguu kutoka barabarani mpaka mlangoni mwa gereji. Lilikuwa pipa la lita 200, la bluu lililochunika rangi, na kila lilipogonga jiwe liliitika kwa ule mlio wa kitu kilichobakiwa na hewa tu tumboni. Alitaka likatwe katikati apate vyombo viwili vya kunyweshea ng'ombe. Fundi akainama, akafungua kizibo, akanusa, kisha akarudi nyuma hatua mbili kama aliyekuta nyoka.

"Lilikuwa na nini hili?"

"Petroli. Lakini halina kitu, fundi. Lilikwisha tangu wiki iliyopita."

"Basi litoe hapa karibu na moto wangu."

Mimi nilikuwa mtoto wa likizo. Gereji ilikuwa ya mjomba, Ngamiani, Tanga, na kazi yangu ilikuwa kushika tochi chini ya gari na kutafuta spana namba 13, ambayo kwa sababu anazozijua Mungu ndiyo inayopotea siku zote. Niliamini fundi anazungusha maneno ili apandishe bei. Mteja naye aliamini hivyo hivyo, akaanza kutaja mafundi wengine wa jirani wenye mitungi ya gesi ya kukatia. Fundi hakugombana naye. Alisema tu, "Ungeniletea limejaa ningeliogopa. Umeniletea tupu, naliogopa mara mbili."

Tulicheka, vijana wote wa gereji. Nilikuwa mtu mzima, tena mwenye jenereta yangu na dumu langu la mafuta nyuma ya nyumba, nilipokaa chini siku moja na karatasi nikapiga hesabu ya maneno yale.

Petroli ya majimaji, ile unayoiona ikimiminika, haiungui. Kinachoungua ni mvuke wake ukishachanganyika na hewa, na hata huo una masharti. Ukiwa chini ya asilimia 1.4 hivi ya mchanganyiko, ni hafifu mno, njiti ya kiberiti inapita kama haikukuta kitu. Ukizidi asilimia 7.6 hivi, unakosa hewa ya kuungulia. Kati ya namba hizo mbili cheche ndogo tu inatosha. Sasa chukua dumu la lita 20. Ili lote lifike asilimia 1.4 ya mvuke, petroli inayotakiwa ni kama mililita moja na nusu, yaani theluthi ya kijiko cha chai. Hicho ndicho kinachobaki kwenye pembe za chini na kwenye mpini baada ya kumimina, kukung'uta na kuapa kwamba limekwisha. Pipa la lita 200 linataka kama kijiko kimoja cha mezani.

Dumu lenye petroli nusu, kwenye joto letu, lina mvuke mzito kupita kiasi humo ndani. Moto ukilikaribia, mara nyingi utashika mdomoni, pale mvuke unapotoka na kukutana na hewa. Ni hatari ya kutisha, nani abishe, lakini ina mahali pake. Dumu tupu ndilo linalokaa katikati ya zile asilimia, kuanzia kizibo mpaka kitako, na likiwaka linawaka lote kwa mara moja. Wazee waliosema debe tupu haliachi kuvuma walikuwa wanawasuta watu wa maneno mengi. Kwa petroli walipatia kuliko walivyokusudia.

Fundi aliagiza vijana walijaze pipa maji mpaka yafurike, wayamwage, walijaze tena. Maji ya pili yalikuwa na utando wa rangirangi juu, kama shingo ya njiwa. Kesho yake akalikata kwa patasi na nyundo, si kwa moto, maji yakiwa bado ndani, kelele zikasikika hadi sokoni. Nimekuja kujua kwamba mafundi wenye mafunzo ya leo wangemkatalia hata hilo, kwa kuwa petroli hujificha kwenye mshono wa pipa na maji ya kusuuza hayaifikii. Ushauri wao ni mfupi: chombo kilichowahi kubeba petroli usikikate, usikichomelee, usikipige grenda, hata kama unakinusa na husikii kitu.

Naanza na hili kwa sababu sisi tumejifunza kuogopa kinachoonekana. Lori la mafuta tunalipisha. Mtu aliyebeba dumu lililojaa tunampisha pia. Dumu tupu tunampa mtoto akalichezee.

Na lugha yetu nayo haitusaidii. Kiswahili kina neno moja, mafuta, na tumelifanyisha kazi ya kila kitu: mafuta ya alizeti, mafuta ya kujipaka, mafuta ya taa, mafuta ya gari. Mama akisema "niletee mafuta" jikoni, mtoto analeta chupa, na chupa zote zimefanana kwa kuwa zote ziliwahi kuwa za soda au za maji. Tofauti iliyomo ndani yake ni kubwa. Mafuta ya taa huhitaji kupashwa joto hadi kama nyuzi 38 ndipo yatoe mvuke wa kutosha kushika moto, na dizeli huhitaji zaidi ya 50. Petroli hutoa mvuke huo hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, ambayo hata kilele cha Kilimanjaro hakiijui. Kwa hiyo petroli iliyomwagika popote katika nchi zetu, saa yoyote, mwezi wowote, imeshakuwa tayari. Mtu aliyezoea kuwashia mkaa kwa kijiko cha mafuta ya taa akikosea chupa siku moja, haitakuwa kwamba jiko limewaka haraka. Moto utapanda juu kufuata mmimino mpaka mkononi, na kama ndani ya chombo kuna nafasi ya hewa ya kutosha, utarushwa nje kwa mdomo kama umetoka kwenye bomba.

Marekani visa vya namna hiyo, vya watu kumimina petroli kwenye moto na chombo kuwatemea ndimi za moto wao na watoto waliosimama kando, vilifika bungeni. Mwaka 2020 ikapitishwa sheria inayotaka vyombo vya kubebea mafuta viwe na kizuizi cha moto mdomoni. Kizuizi chenyewe ni kitu cha kawaida kabisa: wavu mwembamba au kichujio chenye matundu madogo. Mafuta yanapita, lakini moto ukijaribu kurudi ndani, wavu unaunyang'anya joto na unazimika pale pale. Ujuzi huu ni wa zamani. Humphry Davy aliutumia mwaka 1815 kutengeneza taa ya wachimba makaa ya mawe wa Uingereza, akauzungushia moto wavu wa chuma ili usiiwashe gesi ya mgodini. Imechukua zaidi ya karne mbili ufanywe sharti kwenye dumu, na kwenye madumu yetu haujafika.

Tabia nyingine ya mvuke huu ni uzito. Ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, kwa hiyo haupandi kama moshi. Unashuka, unatambaa sakafuni, unafuata mteremko, unaingia chini ya mlango, unajaa kwenye shimo na kwenye ngalawa. Ufikirie kama maji usiyoyaona. Lita moja ya petroli ikigeuka mvuke yote inatosha kukifanya chumba kidogo cha kulala, cha mita mbili na nusu kwa mbili na nusu, kiwe tayari kulipuka. Na kwa kuwa mvuke unakaa chini badala ya kuenea hadi darini, hauhitaji hata lita nzima. Kisha unatafuta cheche. Jiko la mkaa la jirani litafaa. Friji ikijiwasha yenyewe itafaa. Swichi ya taa itafaa, na hapa ndipo watu wengi hukosea: wanasikia harufu usiku, wanaamka, na kitu cha kwanza wanachofanya ni kuwasha taa waone inatoka wapi.

Kisa kimoja cha Uingereza nimekishika kichwani kwa miaka. Machi 2012 madereva wa malori ya mafuta walitishia kugoma, na waziri mmoja, Francis Maude, akawashauri wananchi waweke akiba kidogo ya petroli kwenye jerikani gerejini mwao. Nchi nzima ikakimbilia kwenye pampu. Siku mbili baadaye, katika jiji la York, mwanamke mmoja alikuwa jikoni kwake anahamisha petroli kutoka chombo kimoja kwenda kingine, jiko la gesi likiwa linawaka. Mvuke ukalifikia jiko kabla yeye hajamaliza kumimina. Aliungua sehemu kubwa ya mwili. Waziri alizomewa, kwa haki. Ila kinachonishangaza mimi ni kwamba hii ni nchi yenye kanuni zilizoandikwa mpaka lita: siku hizi nyumbani mtu haruhusiwi kuzidisha lita 30 bila kutoa taarifa, chombo cha plastiki kisizidi lita 10, cha chuma kisizidi 20. Kanuni za namna hiyo hazikumwokoa mama mwenye makopo mawili, jiko moja na haraka.

Hiyo jerikani yenyewe ina historia inayotuhusu kuliko tunavyodhani. Kabla yake kulikuwa na debe. Mafuta ya taa na petroli vilikuja pwani yetu katika makopo ya bati ya galoni nne za Kiingereza, lita 18 hivi, mawili mawili ndani ya sanduku la mbao. Jina tulilipata kwa Wahindi, waliokuwa wakiyauza madukani mwao. Mafuta yakiisha kopo lilibaki, nasi hatukulitupa: likawa la kuchotea maji, la kupimia mahindi, likakunjuliwa likawa paa na mlango. Mpaka leo mkulima wa Rukwa anakutajia bei ya mahindi kwa debe bila kufikiri kwamba anataja kopo la petroli.

Kopo hilo hilo Waingereza walikwenda nalo vitani. Katika jangwa la Afrika Kaskazini, kuanzia mwaka 1940, jeshi lao lilibeba petroli katika madebe ya bati jembamba, na kwa mitikisiko ya malori mishono ilifunguka na sehemu kubwa ya mafuta ikavujia mchangani au ndani ya malori yenyewe. Askari waliona afadhali yamekuwa matupu: waliyakata katikati, wakatia mchanga na petroli kidogo, wakachemshia chai. Wajerumani waliokuwa upande wa pili walikuwa na chombo kingine kabisa, kilichobuniwa mwaka 1937 katika kiwanda cha Müller mjini Schwelm na mhandisi Vinzenz Grünvogel. Waingereza walipokiteka walikitamani mpaka wakakinakili kama kilivyo. Na kwa kuwa walimwita askari wa Kijerumani "Jerry", kopo lake likaitwa kopo la Jerry. Ndiyo jerikani hiyo.

Ukibahatika kuiona ya chuma, iangalie vizuri. Ina mipini mitatu. Mtu mmoja hushika wa katikati. Watu wawili hushika kila mmoja wa upande wake na kuibeba pamoja. Na zikiwa tupu, mkono mmoja unabeba mbili kwa kushika mipini ya pembeni iliyokutana. Juu, karibu na mpini, kuna kinundu ambacho mafuta hayakifikii hata ukijaza. Humo hukaa hewa, petroli inapata pa kutanukia, na jerikani ikianguka majini inaelea. Michirizo iliyopigwa mbavuni si urembo: inaliruhusu bati livimbe na kunywea bila kupasuka. Kifuniko hakizungushwi kwa uzi, hubanwa kwa wenzo, nacho kimefungwa kwenye chombo kisipotee. Mdomoni kuna kijibomba cha hewa, ndiyo maana humiminika bila ile gluku-gluku inayorusha petroli kwenye viatu. Kila kitu pale kilifikiriwa na mtu aliyekuwa anauogopa mvuke.

Halafu sisi, wajukuu wa debe, tukalichukua jina jerikani tukalipa dumu la njano la mafuta ya kula.

Silidharau dumu la njano. Limebeba maji ya nusu ya Afrika, na limewaondolea kina mama uzito wa mtungi wa udongo. Lakini halikutengenezwa kwa petroli. Mfuniko wake ulibuniwa kuzuia mafuta ya mawese yasimwagike, haukubuniwa kuzuia mvuke unaosukuma kutoka ndani. Plastiki yake ni nyembamba, na ikipigwa jua miaka miwili inakuwa kama ganda la yai. Petroli huilainisha na kupenya taratibu, ndiyo maana dumu lililowahi kubeba petroli linanuka hata baada ya kuoshwa kwa sabuni mara kumi, na ndiyo maana halitakiwi kurudi kubeba maji ya kunywa. Marekani wamezoea rangi: nyekundu kwa petroli, njano kwa dizeli, bluu kwa mafuta ya taa. Kwetu njano ni maji, ni mafuta ya kula, ni petroli, ni pombe ya kienyeji, kutegemea siku. Chupa ya soda ni mbaya zaidi, si kwa sababu petroli itaiyeyusha leo hii bali kwa sababu mtoto wa miaka mitatu anajua chupa ya soda ni ya nini.

Na mtoto akinywa, au mtu mzima akimeza wakati wa kuvuta mafuta kwa mpira kutoka kwenye tangi, kosa la pili huwa kubwa kuliko la kwanza: watu humtapisha. Humkoroga koo, humpa maziwa, humpa mawese. Petroli tumboni ina madhara, lakini petroli kwenye mapafu ndiyo inayoua, na njia fupi ya kuifikisha huko ni kutapika. Asitapishwe. Akimbizwe hospitali, na chupa iende naye ili daktari ajue ni nini. Kuhusu kuvuta kwa mdomo, nimewaona vijana wa kijiweni wakifanya hivyo asubuhi mpaka jioni, wanatema mate na kucheka. Pampu ndogo ya mkono ya kubinya inauzwa kwenye maduka ya vipuri kwa bei ya chakula cha mchana.

Twende kwenye sheli. Kibao cha kukataza simu kipo kila pampu, na wahudumu hukisimamia kwa ukali wa askari. Sina ugomvi nacho. Lakini Marekani, chama cha wafanyabiashara wa vifaa vya pampu kilipokusanya taarifa za moto uliozuka wakati wa kujaza mafuta, kilichojitokeza mara kwa mara kilikuwa umeme tuli, wala si simu. Ni ule unaokushtua ukivua sweta la nailoni Njombe mwezi wa Julai. Petroli ikipita kwenye mpira wa pampu inazalisha umeme huo kidogo kidogo. Chombo kikiwa chini ardhini, na nozeli ikiwa imegusa mdomo wake muda wote, umeme unapata njia ya kuondoka. Chombo kikiwa juu ya pikipiki, kwenye zulia la buti la gari, au kwenye pikapu yenye tandiko la plastiki, umeme unakusanyika, na nozeli ikikaribia unaruka. Cheche yenyewe huioni mchana. Nimesimama kwenye vituo vingi nikimwona mhudumu anayemfokea mteja kwa simu ndiye huyo huyo anayejaza dumu likiwa limekaa juu ya tangi la bodaboda, injini inanguruma. Dumu lishuke chini. Watu wasogee. Ijazwe taratibu.

Na isijazwe mpaka juu. Petroli ni kitu kinachotanuka kwa joto: lita 20 zilizochukuliwa alfajiri zikiwa na nyuzi 22, zikafika nyuzi 45 ndani ya buti la gari lililoegeshwa juani, zinaongezeka karibu nusu lita. Hiyo nusu lita itatafuta pa kwenda, na mvuke nao unasukuma. Ukiona dumu limevimba kama shavu la mtu mwenye jino bovu, usilifungue kwa pupa. Lipeleke kivulini, mbali na moto, lipoe, kisha ulegeze mfuniko kidogo kidogo mpaka lipumue. Mwanya wa asilimia tano juu ya mafuta unatosha kuepusha yote hayo, na ndiyo kazi ya kile kinundu cha Grünvogel.

Kuhifadhi hakuna maneno mengi. Banda la nje lenye hewa, kivuli, mlango wa kufunga, mbali na jiko na mbali na jenereta yenyewe. Kidogo iwezekanavyo, kwa kuwa petroli nayo huzeeka: baada ya miezi michache imepoteza ule wepesi wake wa kuwaka, injini inakuwa ngumu kuwaka na kabureta inajaa utomvu. Anayeweka madumu matano chumbani kusubiri bei ipande anatunza hasara. Jenereta izimwe, ipoe, ndipo iongezwe mafuta. Umeme ukikatika katikati ya mpira tunajua sote ni nani atakayesubiri ipoe. Moto ukizuka, maji hayafai, petroli inaelea juu yake na kusafiri nayo. Mchanga unafaa, na kizima moto cha unga kinafaa zaidi. Zimamoto wa Tanzania ni 114. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya bomba dakika 20, asipakwe dawa ya meno wala asali.

Inanibidi nitaje Msamvu, ingawa ningependa kuliacha. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka pale Morogoro, watu wakaja na vidumu, na waliokufa walizidi 100. Kabla yake ilikuwa Sachangwan, karibu na Molo, Januari 2009. Ikaja Sange, Kongo, Julai 2010, zaidi ya watu 200. Ikaja Sinai, Nairobi, Septemba 2011, bomba lilipovuja mtaroni katikati ya mabanda. Baada ya kila msiba nimesikia hukumu ile ile, kwamba walikuwa wezi, au walikuwa wajinga. Sidhani. Walikuwa maskini, ndiyo, na petroli ni fedha inayomwagika. Lakini walikuwa pia watu walioishi na petroli kila siku kwenye chupa na madumu, wakaizoea. Walidhani kama hakuna anayewasha sigara basi wako salama. Wengine hawakuwa wamegusa mafuta yenyewe. Walikuwa wamesimama kando wakitazama, na ule mvuke ulishafika magotini kwao.

Juzi nilikuwa njiani kwenda Lindi. Ukishavuka daraja la Mkapa, kusini mwa Rufiji, sheli zinaanza kuachana, na katikati yake kuna meza za chupa. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, imekuwa ikihimiza ujenzi wa vituo vidogo vya bei nafuu vijijini, na vingine vimejengwa, lakini bodaboda iliyoishiwa saa mbili usiku haiwezi kusukumwa kilomita 30. Kwa hiyo sina ubavu wa kumwambia mwenye meza afunge. Huyu niliyesimama kwake alikuwa dada wa miaka thelathini hivi, ana chupa sita za lita moja na nusu juani, rangi ya petroli inang'aa kama chai ya rangi. Upande mmoja wa meza ni chupa. Upande wa pili, hatua tatu hivi, ni jiko la mkaa na mahindi ya kuchoma. Upepo ulikuwa unatoka baharini, unapeleka moshi wa mahindi mbali na chupa. Nilimwuliza kama huwa unageuka.

"Jioni," alisema.

Bodaboda mmoja akafika, akataka lita mbili. Dada akalichukua dumu la njano kutoka chini ya meza, akaliinua juu ya faneli, likatoa kama glasi moja kisha likaanza kudondosha tone tone. Akalitikisa. Akawasha tochi ya simu, akachungulia ndani kwa jicho moja, simu iko mdomoni mwa dumu kabisa. Moyo wangu ulisimama. Akalisukuma kwa mguu likateleza mpaka kwenye miguu ya jiko, mfuniko haupo, akachukua chupa mbili za mezani kumhudumia mteja.

Nililiinua dumu lile. Lilikuwa jepesi kama halipo. Nikaokota mfuniko wake mchangani, nikaupangusa, nikaukaza, nikaanza kulipeleka nyuma ya mkorosho uliokuwa kama hatua ishirini.

"Unalipeleka wapi, kaka?" aliniita, huku anacheka. "Hilo halina kitu!"